Yesu Mwenyewe Alilia, Mbona Tunanyamazishana?

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wetu wa wafiwa hapa mjini Unguja. Wapo ndugu wa Pemba walitaka kuja wakakosa nafasi kwenye boti, wapo waliokuwa zamu kazini, na wapo walioniambia wazi kwamba bado hawajaweza kukaa penye watu wengi. Basi nimeiandika yote kama nilivyoisema.

Bwana Yesu asifiwe! Bwana Yesu asifiwe tena!

Padre wetu, shikamoo. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, na majirani zetu Waislamu mliokuja kutushika mkono leo, asalaam aleikum, karibuni sana, na mtaona huko mbele kwamba bila watu kama nyinyi mimi leo nisingekuwa na la kusema hapa.

Nimeambiwa niseme juu ya tumaini. Nikamwambia Padre, mimi sikusoma chuo cha theolojia, mimi ni mama niliyezika mtoto. Akanambia ndio maana tumekuita wewe. Basi nitasema niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyasoma kwenye Biblia yangu usiku wakati usingizi umenikataa.

Naanza na swali. Nani hapa alifiwa halafu akaambiwa "usilie, jikaze"? Nyanyueni mikono. Haya, angalieni nyuma yenu. Karibu wote. Nani aliambiwa "usilie, ukilia sana unamkosea Mungu"? Mnaona? Bado mikono ni mingi. Na swali la mwisho, hili gumu kidogo: nani hapa amewahi kumwambia mwenzake maneno hayo? Mimi wa kwanza nanyanyua. Niliwahi kumwambia mjane mmoja kanisani, nikiwa bado sijui msiba ni kitu gani, nikamwambia "dada jikaze, Mkristo halii hivyo". Mungu anisamehe. Nilikwenda kumuomba radhi baadae, miaka baadae, na yeye alikuwa bado anayakumbuka neno kwa neno.

Sasa niwasimulie.

Sisi tulikuwa tunakaa Pemba, shamba, upande wa Weti. Mume wangu alikuwa na mikarafuu michache aliyorithi kwa baba yake. Mwaka ule karafuu zilizaa sana, msimu mzuri, wa Pemba mnajua msimu mzuri ukoje, watoto wanatoka skuli wanaingia shamba, njia nzima kumeanikwa majamvi, harufu inakufuata mpaka kitandani. Kijana wangu wa kwanza alikuwa na miaka 19. Alikuwa hodari wa kupanda. Asubuhi alichuma mapakacha mawili akayaleta nyumbani, akanywa chai ya rangi na mkate wa kumimina, akanambia mama hizi za leo nzuri, kavu, hazina majani. Akarudi mtini.

Mkarafuu haukuonyi. Mti mwengine tawi linalia kwanza, linakupa nafasi ya kushika pengine. Tawi la mkarafuu linakatika mara moja tu, kama mkaa. Na yeye alikuwa juu kabisa, anavuta kishada kwa upembo, ile fimbo ya ndoana.

Sitaki kusema zaidi hapo. Tulimzika siku ya pili.

Sasa watu wakaja kutoa pole, na mimi sina lawama nao, kila mtu alileta alichokuwa nacho. Lakini akaja mmoja, mtu wa kanisani, mtu mzima, nia yake njema kabisa, akanishika bega akanambia: "Mama, Mungu ni mkulima, huchuma karafuu zake kabla hazijachanua." Mnaelewa? Karafuu nzuri huchumwa ingali imefunga, ikishachanua thamani imekwisha. Ni usemi mzuri, ukiusikia kwenye mahubiri unapiga makofi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa chini na mwanangu ameanguka kutoka kwenye mkarafuu. Kwa hiyo nikabaki najiuliza, kumbe ni Mungu aliyevunja lile tawi? Kumbe alikuwa anamchuma? Na mimi Mungu huyo nimsali vipi kesho?

Nakwambieni kweli, lile neno lilinitoa kanisani miezi saba. Msiba wenyewe haukunitoa, lilinitoa lile neno.

Kilichonirudisha ni mstari mmoja mfupi. Yohana 11, mstari wa 35. "Yesu akalia machozi." Watoto wa Sunday school wanaupenda kwa sababu ni mwepesi kukariri. Mimi niliusoma usiku taa ya simu ikiwa inakaribia kuzima, na nilikuwa nimeusoma mara mia kabla, lakini usiku ule nikausoma na yaliyo pembeni yake. Tuangalieni pamoja. Lazaro amekufa, siku ya nne kaburini. Martha anatoka kumlaki Yesu njiani anamwambia, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Halafu anakuja Mariamu, anaanguka miguuni pake, anasema maneno yaleyale! Hilo silo neno la upole ndugu zangu, hiyo ni lawama. Ulikuwa wapi? Tulikutumia habari, mbona umechelewa? Nani hapa hajawahi kumuuliza Mungu hivyo?

Na Yesu aliwajibuje? Aliwaambia "jikazeni"? Aliwaambia "msikufuru"? Aliwaambia kwamba Mungu ni mkulima? Hapana. Alimuona Mariamu analia na watu waliokuja naye wanalia, akaugua rohoni, akauliza "mmemweka wapi?" Akalia.

Na hapa ndipo mimi nilipokaa kitandani nikaitazama ile simu. Yeye alikuwa anajua anachokwenda kufanya! Anajua baada ya dakika chache Lazaro atatoka kaburini anatembea. Kama kuna mtu duniani alikuwa na haki ya kusema "nyamazeni, hakuna haja ya machozi", alikuwa yeye siku ile. Na bado alilia. Alikuwa na tumaini lote mkononi na machozi usoni kwa wakati mmoja. Basi nani ametufundisha kwamba ukilia huna imani? Nani? Kwa sababu Yesu hakutufundisha hivyo.

Someni Zaburi. Nyingi mle ndani ni vilio. "Hata lini?" anauliza Daudi, hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako. Na ipo Zaburi ya 88, hii ndiyo naipenda ingawa haisomwi sana kwenye misiba, inaanza kwa kilio na inamalizika gizani, haina "lakini" ya mwisho, haina "hata hivyo nitakusifu". Na imo kwenye Biblia! Wazee waliokusanya zaburi hawakuitoa, hawakuibandika mwisho mzuri. Maana yake kuna siku unaruhusiwa kusali na kumalizia gizani, ukalala, na sala hiyo Mungu ameipokea.

Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini". Tunaikata hii aya. Tunasoma "msihuzunike" tunafunga kitabu. Lakini someni yote. Hakusema msihuzunike kabisa, amesema msihuzunike kama asiye na tumaini. Huzuni ipo palepale, ila ina mtu wa kuishika mkono.

Na nataka niseme na wale ambao hawakupata hata kaburi. Najua mmo humu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ile meli ya Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba, visiwa hivi vyote viwili vilikuwa matangani, hakuna mtaa ambao haukuguswa, Mkristo, Muislamu, hakuna aliyeuliza dini. Watu walikwenda viwanja vya Maisara kuangalia maiti moja moja wanatafuta wa kwao. Na wapo waliorudi nyumbani bila kumuona. Haijapita hata mwaka, Julai 2012, boti ya Skagit nayo ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Sasa Yesu akiuliza "mmemweka wapi?", wewe utamuonesha wapi? Utaelekeza kidole kwenye maji?

Nilikaa na mama mmoja ambaye mumewe hakuonekana, akanambia yeye hawezi kuitazama bahari, na anakaa Malindi hapa mjini, bahari ipo dirishani. Tukafungua Ufunuo 20, mstari wa 13. "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Tukasoma tena. Bahari ikawatoa. Mungu hakuwasahau waliobaki majini, wameandikwa wa kwanza, kabla hata ya waliozikwa. Yule mama hakuacha kulia, alilia zaidi, lakini alinambia alilia kilio chengine. Mimi sijui nikielezeje. Aliyelia vilio vyote viwili ananielewa.

Na sura inayofuata, Ufunuo 21, imeandikwa kwamba Mungu atafuta kila chozi katika macho yao. Tunaupenda mstari huu kwenye misiba. Lakini hebu ufikirieni. Kama atafuta machozi mwishoni kabisa, mbele ya kiti chake cha enzi, maana yake watu watafika pale bado wana machozi usoni! Hakuna aliyewafuta njiani kwa nguvu. Basi kama Mungu mwenyewe anasubiri mpaka siku ile ili afute kwa mkono wake, wewe na mimi tuna haraka gani ya kumfuta mwenzetu siku ya tatu?

Nimalize hilo. Naingia kwenye jambo la pili, na hili ndilo lililonitoa kwangu kuja kusimama hapa.

Nimewaambia kijana alileta mapakacha mawili asubuhi. Karafuu mbichi hazingoji. Ukizichuma leo, zinatakiwa zichambuliwe leoleo usiku, utenganishe karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, kesho uanike. Ukiziacha zimerundikana zinashika moto ndani kwa ndani, zinapauka, zimeharibika. Siku ile nyumba imejaa watu, wanaume wanashughulika na mambo ya maziko, mimi nimelazwa ndani sijui hata ni saa ngapi. Yale mapakacha yako ukumbini, pale alipoyaweka yeye. Hakuna aliyeyakumbuka.

Usiku nikaamka. Kimya. Kuna kibatari kinawaka ukumbini, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Nikasogea mlangoni nikachungulia. Jirani yetu, bibi mmoja Muislamu, mtu mzima, na wakwe zake wawili, na akina mama watatu wengine wa mtaani, wamekaa chini juu ya jamvi, wamezunguka zile karafuu za mwanangu, wanachambua. Hakuna anayezungumza. Unasikia ile sauti tu ya kishada kikisuguliwa kwenye kiganja, karafuu zinadondoka huku, makonyo yanatupwa kule. Mikono yao imeshakuwa myeusi. Yule bibi aliponiona hakusema pole, hakusema jikaze, hakusema kitu. Alisogea kidogo kwenye jamvi, akaacha nafasi.

Nikakaa. Nikachukua kishada. Nikachambua karafuu alizochuma mwanangu kwa mkono wake, usiku kucha, na sikumbuki kama nilisema hata neno moja. Alfajiri wao wakaondoka kwenda kuswali, na asubuhi walirudi wakazianika.

Jamani. Watu wananiuliza Mungu alikuwa wapi siku ile. Kwa miezi mingi nilikuwa sina jibu. Sasa ninalo, ingawa si jibu la swali lote. Kwa nini tawi lilikatika sijui mpaka leo na sidanganyi mtu. Lakini alikuwa wapi usiku ule, hilo najua. Alikuwa amekaa chini jamvini, mikono imemchafuka.

Marafiki wa Ayubu tunawasema vibaya, na kweli walikuja kuharibu. Lakini someni sura ya pili mwishoni. Walipomuona kwa mbali hawakumtambua, wakalia, wakakaa naye chini ardhini siku saba, mchana na usiku, na hakuna aliyesema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Siku saba! Hizo siku saba walikuwa marafiki kweli. Walianza kukosea walipofungua midomo kumueleza sababu. Na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, hakumkasirikia Ayubu aliyepiga kelele na kuuliza maswali. Mnaliona hilo? Mwenye maswali alikubaliwa, wenye majibu wakaambiwa watoe sadaka.

Na Eliya, nabii mkubwa, alipochoka alikaa chini ya mretemu akamuomba Mungu afe. Leo tungemuitia maombi ya kukemea roho ya mauti. Mungu alifanya nini? Alimuacha alale. Halafu malaika akamgusa, mkate uko juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akalala tena! Mara ya pili akaamshwa tena, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Chakula kwanza, usingizi kwanza, mazungumzo yalikuja siku nyingi baadae, mlimani. Kwa hiyo ukimpelekea mfiwa uji wa mtama na ukamuoshea vyombo ukaondoka, usirudi nyumbani unajilaumu kwamba hukumhubiria. Umefanya kazi ya malaika.

Pale Pemba wazee walitusimulia habari za Marafiki, wale Quakers, walifika kisiwani 1897, mwaka uleule ambao utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba. Kwao tangu asili ibada ni kukaa pamoja kimya, kumngojea Mungu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nashangaa, ibada gani bila mahubiri? Baada ya usiku ule wa karafuu nikaacha kushangaa.

Lakini nisiwafiche, kimya peke yake hakitoshi. Itafika siku utataka kujua kama kuna kitu cha kushika au hakuna. Hili ni la tatu, na nitakuwa mrefu kidogo, mnivumilie, chai iko tayari huko nyuma nimeiona.

Wangapi wameingia kanisa la Mkunazini? Wengi. Hata ndugu zetu Waislamu wameingia, wageni ndio usiseme. Mnajua pale palikuwa nini. Palikuwa soko la watu. Watu walishushwa majahazini wakaletwa pale wakauzwa kama ndizi. Juni 1873, wakati wa Sultani Barghash, mkataba wa kulifunga ukatiwa saini, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere aliyesimamia ujenzi amezikwa palepale nyuma ya altare, alifariki 1882.

Sasa nendeni mbele, mtazame sakafuni karibu na altare. Kuna duara la marumaru nyeupe, pembeni pamezungushiwa wekundu. Pale ndipo inaposimuliwa kuwa palisimama mti wa kuchapia watumwa. Mtu alifungwa pale akachapwa ili wanunuzi waone kama ana nguvu, anayelia sana bei inashuka. Sikilizeni hilo tena. Anayelia bei inashuka! Ndio maana mimi neno "usilie, jikaze" siku hizi linanitisha, nikikumbuka liliwahi kusemwa wapi.

Swali langu ni hili. Ardhi ya kujenga Unguja ilikuwa tele. Wangeweza kujenga kwengine, penye upepo, pasipo na kumbukumbu mbaya. Wangeweza kupafukia pale wakapasahau. Kwa nini altare, mahali patakatifu kuliko pote, waiweke palepale penye kidonda?

Sisemi utumwa ulikuwa na heri kwa sababu limejengwa kanisa. Mtu asinisikie vibaya. Ulikuwa uovu, na utabaki uovu mpaka siku ya hukumu, na hakuna jengo linaloufanya kuwa mzuri. Ninachosema ni kwamba waliojenga walielewa kitu juu ya Yesu aliyefufuka. Alipofufuka, mwili mpya, mwili ambao mauti hayauwezi tena, makovu hayakuondoka. Tomaso aliambiwa alete kidole chake atazame mikono, alete mkono wake atie ubavuni. Mungu aliyeweza kumtoa mtu kaburini alishindwa kufuta makovu ya misumari? Hakushindwa. Aliyaacha.

Hili kwangu mimi ndilo tumaini la Kikristo, na nalishika kwa meno. Siamini Mungu atanifanya nisahau kwamba nilikuwa na mtoto. Sitaki kusahau! Tumaini langu ni kwamba siku ile nitamuona, na hata hili kovu langu litakuwepo, ila halitouma.

Na pale pale Zanzibar, kwenye misheni ya Kianglikana iliyojenga kanisa lile, UMCA, alilelewa mtoto wa Kiyao aliyechukuliwa utumwani, Cecil Majaliwa. Mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza kuwa padre katika misheni yao, akaenda kuhudumu bara, kwa watu wa kwao. Mtu ambaye angeweza kufungwa kwenye ule mti, akasimama altareni akamega mkate. Mimi nikikaa Mkunazini siku ya ibada huwa namfikiria mama yake. Mama aliyeporwa mtoto. Pengine hakuna aliyemletea habari. Pengine yeye alikufa anajua mtoto wake amepotea, na mtoto alikuwa padre. Yapo mengi kuhusu watu wetu ambayo tutayajua ng'ambo ya pili tu.

Mume wangu naye nimtaje. Wanaume wanalia kwa namna yao. Yeye hakutoa chozi maziko, wala matangani, wala siku arubaini. Mwezi wa tatu tangu msiba, asubuhi moja akachukua shoka akaenda shamba. Nilijua anakwenda kuukata ule mti. Sikumzuia, hata mimi nilitaka ukatwe. Akakaa huko mpaka mchana. Aliporudi shoka lilikuwa safi. Akaliweka pembeni ya mlango, akakaa kizingitini, ndipo akalia, mtu mzima, akalia mpaka majirani wakasikia. Baadae sana akanambia, "Nilishindwa. Pale ndipo mikono yake iliposhika mara ya mwisho." Mti ule upo mpaka leo. Hatuupandi, hatuuchumi, karafuu zake zinachanua zote, zinakuwa nyekundu, ndege wanakuja. Sikuwahi kujua kabla ya hapo kwamba ua la karafuu ni zuri kiasi kile, maana hatukuwahi kuacha hata moja lichanue.

Wale wanafunzi wawili wa Emau, walikuwa wanatembea wanaondoka Yerusalemu, nyuso zimekunjamana, wakamwambia yule mgeni njiani: "Nasi tulikuwa tukitumaini." Tulikuwa. Wakati uliopita. Hilo ndilo neno la kila mfiwa. Tulikuwa tukitumaini atapona. Tulikuwa tukitumaini boti itafika. Tulikuwa tukitumaini atamaliza skuli. Na Yesu alikuwa anatembea nao, hatua kwa hatua, wasimjue! Hakuwatokea mbele akawazibia njia na nuru kali. Alitembea mwendo wao, mwendo wa watu waliochoka, akawaacha waseme yote kwanza. Walimtambua mezani, alipomega mkate.

Basi mimi sitowaambia leo kwamba mkitoka hapa mtakuwa sawa. Wapo humu wenye mwezi mmoja, wapo wenye miaka 20, na nimeona wa miaka 20 analia kuliko wa mwezi mmoja. Wote mko sawa.

Sasa naomba tufanye kitu. Tutakaa kimya. Halafu kila mmoja alitaje jina la mtu wake, kwa sauti au moyoni, anavyoweza. Hata wa bahari mtajeni. Hata watoto wachanga ambao hamkuwahi kuwaita jina mbele ya watu, leo waiteni. Aliye pembeni yako akilia usimnyamazishe. Sogea kidogo tu, muachie nafasi.

Nitaanza mimi na jina la mwanangu. Tusiharakishe. Chai iko kwenye chupa, haitopoa.